Pesa yetu inaishia kwenye sufuria isiyofunikwa

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, na wanangu hamjambo.

Kabla ya yote naomba mkitazame kikapu hiki. Ndani mna sufuria ya maharage. Niliyaepua saa 2 asubuhi, nikayafunga, nikapanda nayo daladala mpaka hapa. Humo hamna mkaa wala umeme. Naomba mtu asikifungue, tutakifungua tukimaliza.

Nimefundisha sayansi kimu miaka 31, na tangu nistaafu nimezunguka vikundi vingi kama hiki kusema jambo hilohilo. Mada mliyonipa ni kubana matumizi nyumbani. Kila anayeitwa kufundisha kubana matumizi anaanzia kwenye sahani: punguzeni nyama, punguzeni sukari, chai iwe ya rangi. Mimi sikubali. Watoto wetu hawali kupita kiasi, wala mama anayekula baada ya watu wote kushiba hana cha kupunguza. Leo tuanzie chini ya sufuria, kwenye moto.

Pale nilipokuwa nimepanga zamani kulikuwa na mama mmoja kijana, tukitumia ua mmoja. Mchapakazi kwelikweli. Siku ya maharage anawasha jiko asubuhi, anabandika, na sufuria iko wazi. Maharage yakigoma anaongeza mkaa na kupepea. Maji yakikauka anamimina mengine ya baridi, maharage yanashtuka, anaanza upya. Siku moja nilimhesabia: ameongeza mkaa mara tatu. Nikamuuliza, mwanangu, mbona hufuniki? Akasema, nikifunika yanafurika, yanazima moto. Nikamwambia, basi punguza moto! Akanitazama kama nimemwambia asipike.

Tukakubaliana tuyapime. Tulinunua maharage kilo moja, tukagawa nusu kwa nusu, na tukapima mkaa kwa kopo lilelile la muuzaji. Jumamosi akapika kwa desturi yake: makopo mawili, na mpaka adhana ya adhuhuri yalikuwa bado. Usiku ule tukaloweka nusu ya pili. Jumapili tukamwaga maji ya kulowekea, tukabandika na maji mapya, tukafunika, na yalipochemka tukafunga kidirisha cha jiko moto ukawa mdogo. Yakaiva kabla ya muda wa saa moja na nusu kupita, na kopo la kwanza halikuisha. Tulipomaliza akakaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, kumbe miaka yote hii." Sijalisahau neno lile, kwa sababu miaka yote ile alikuwa akisema pesa haimkai mkononi, na mume wake akisema mke hajui kutunza pesa. Hakuwa na kosa. Hakuna aliyemwambia.

Sababu yake ni rahisi, nilikuwa nawaambia watoto wa kidato cha kwanza. Maji yakishachemka, yamechemka. Huku kwetu pwani yanachemka kwenye nyuzi 100, na hata ukipepea mpaka mkono ukakuuma, joto la maji yale halipandi tena. Moto unaozidi unayageuza kuwa mvuke tu. Ule mvuke unaouona ukienda juu ndio mkaa uliolipia. Harage haliivi kwa fujo ya maji, linaiva kwa joto linalokaa.

Sasa najua kuna mama moyoni anasema, "Mimi naweka magadi, yanaiva upesi." Ni kweli yanalainika upesi. Lakini magadi yanaharibu vitamini B1 iliyomo, sasa umeokoa mkaa ukapoteza kile ulichomnunulia mtoto maharage. Mwingine anasema chumvi ndiyo inayoyakaza. Msiisingizie chumvi. Kinachokaza ganda ni uchachu: nyanya, limau, ukwaju. Ukitia nyanya mapema utapika mpaka jioni. Tia yakishalainika, wakati wa kuunga. Na kuna maji. Wengi huku tunatumia visima, na yale maji yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika yana chokaa, nayo chokaa inakaza harage. Ukipata dumu moja la maji ya mvua au ya bomba, liweke kwa ajili ya maharage, kisima kioshee vyombo. Halafu mjue na mnachonunua. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu yanakuwa magumu, yaloweke utakavyoyaloweka. Muulize muuzaji ni ya msimu gani. Akisitasita, nenda meza ya pili.

Kikapu hiki nilikishona mwenyewe. Ni kikapu cha kawaida cha sokoni, ndani nimezungushia mito miwili iliyojazwa pamba na vipande vya nguo kuukuu. Sufuria inakaa katikati, mto mwingine unakandamiza juu. Mnakumbuka bibi zetu walivyopalia wali: makaa juu ya mfuniko, chini moto kidogo, wanaondoka kufanya mengine. Walijua kwamba chakula kinamalizikia kwa joto lililofungiwa, na sisi tumeiacha akili ile. Wali unaanza kukauka maji, unaufunga humu, baada ya saa moja umeiva na haujashika ukoko.

Lakini kwa maharage nisikilizeni vizuri, hapa sitaki mtu akosee. Ni lazima yalowekwe usiku, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu, yale mapovu makubwa. Maharage mekundu yana sumu yake ya asili. Isipochemshwa barabara inaleta kutapika na kuharisha, na joto la kikapu peke yake haliiui. Dakika 10 za kuchemka sana ndiyo chini kabisa, mimi nafanya 20. Ndipo unafunga, kwa muda wa saa tatu mpaka nne. Na sufuria iwe imejaa. Ukiweka maharage ya watu wawili kwenye sufuria ya watu kumi, joto linatoroka. Kabla ya kula unayarudisha motoni yachemke tena, ndipo unaunga. Mtu asije akasema mwalimu alisema wekeni tu kwenye kikapu.

Mkaa ukibaki mwekundu msiumwagie maji. Utieni kwenye debe lenye mfuniko unaobana, uzimike kwa kukosa hewa, kesho unawasha huohuo. Debe likae nje. Na jiko la mkaa lisilale ndani na watu hata siku moja, hata kama mvua inanyesha. Moshi usioonekana unaua, nimezika watu kwa jambo hili.

Umeme. Hapa ninyi wenyewe mtanishambulia, kwa sababu tumelelewa tukiambiwa kupikia umeme ni anasa. Tufanye hesabu. Tanesco wana kundi la matumizi madogo, wasiozidi uniti 75 kwa mwezi: shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, ukijumlisha kodi na tozo inafika 122. Kundi la kawaida ni 292, na kodi inakaribia 356. Jiko la presha la umeme la wati 1,000 likiwaka saa nzima bila kukatika linakula uniti moja, na halifanyi hivyo, kwa sababu likishapata joto linajikata lenyewe. Maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja. Hata ukiwa kundi la kawaida, umetumia chini ya shilingi 356. Sasa niambieni kopo la mkaa mtaani kwenu ni shilingi ngapi. Semeni kwa sauti. Mmesikia wenyewe.

"Jiko lenyewe ni bei, mwalimu." Ni bei, nakubali, na mtu mmoja kulinunua kwa mkupuo ni kazi. Lakini ninyi hapa mna mchezo wa kuchangiana pesa. Kila mwezi mnamtuza mmoja, na nimeona mizunguko mizima ikienda kwenye vitenge vya sare. Fanyeni mzunguko mmoja wa majiko, kila mwezi wawili wanapata. Naomba hili mwenyekiti uliandike. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na mimi naona miaka hiyo ni mingi kwa mama anayekohoa leo.

Tatizo ninaloliona kubwa zaidi ni mita. Wapangaji sita, mita moja. Kila mmoja akipikia kwake angebaki chini ya 75, lakini wakijumlishwa wanavuka, nyumba nzima inahamia bei ya kawaida, na kila wiki wanagombana nani mwenye friji, nani anapiga pasi. Mnaomiliki nyumba, na nawaona mpo, wawekeeni wapangaji mita zao. Ikishindikana, angalau pasi ipigwe siku moja kwa wiki, nguo zote mara moja, maana pasi inapopata moto mara ya kwanza ndipo inapokula, na taa zile za zamani za wati 60 zitoke, ya LED ya wati 9 inatosha chumba.

Mwenyekiti ananionyesha saa, basi haya nayapitia tu. Kununua kwa kupima: mafuta ya robo, sukari ya kikombe, sabuni ya kipande. Kila kipimo kidogo kina faida ya muuzaji ndani yake. Wanne mkichanga dumu la lita 20 mkagawana kwa kipimo kilichowekwa mezani mbele ya wote, mmebakisha kitu. Sio kwa mkopo wa dukani, kwa sababu daftari la Mangi mwenye duka halina bei, lina kumbukumbu ya Mangi. Bomba linalodondosha, wekeni ndoo chini yake usiku mmoja, asubuhi muone mnacholipia. Michango ya sherehe nilikuwa nayo, hiyo ina mhadhara wake, niiteni tena.

Nimalizie na kikapu. Ni saa 6 kasoro, tangu saa 2. Mwanangu wewe wa mbele, njoo ufungue, shika mfuniko kwa kitambaa kwa sababu bado una moto. Umeuona mvuke? Chukua harage moja, libonyeze kwa vidole viwili, waonyeshe wenzako. Lisogezeni jiko hapo yachemke tena, na kitunguu kiko kwenye mfuko wangu.