Kongwa, Karanga na Nguvu ya Mawazo

NEEMA: Haya, tumerudi. Kaka Mazengo, ule ubishi wa kabla hatujawasha vipaza sauti urudie, wasikilizaji nao wausikie. Unasema mtu akiwaza utajiri, unakuja?

MAZENGO: Sijasema unakuja wenyewe, dada. Nimesema anayewaza kushindwa hata hodi hapigi. Kijana anaamini kazi hapa Dodoma ni za wenye ndugu wizarani, basi haombi. Asipoomba hapati, halafu anakwambia, "Si nilisema?" Wazo limetimia, na aliyelitimiza ni yeye.

NEEMA: Hapo sikubishii. Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, aliliandika hilo mwaka 1948. Uvumi ukienea kwamba benki inafilisika, watu wanakimbilia kutoa pesa, na benki iliyokuwa nzima inaanguka kweli.

MAZENGO: Umeona sasa!

NEEMA: Imeangushwa na foleni dirishani, kaka. Watu walitoka majumbani, wakaenda. Hebu twende hapo jirani, Kongwa.

MAZENGO: Nilijua tu utanipeleka kwenye karanga.

NEEMA: Lazima! Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa kulima karanga, mradi mkubwa, na imani kuliko hata wewe. Matrekta, reli, mpaka bandari mpya kule Mtwara. Karanga walishaziona ghalani kabla hawajapanda. Kiangazi kikaja, udongo ukakauka, majembe ya trekta yakagoma. Na mvua za huku Ugogo unazijua, za kubahatisha. Mwaka 1951 mradi ukafungwa.

MAZENGO: Bibi yangu angewaambia bure kabisa: hapa panda uwele na mtama.

NEEMA: (anacheka) Ndiyo maana nasema fikra inamgusa anayefikiri. Udongo hausikii.

MAZENGO: Sawa, tuseme inamgusa mtu. Hiyo mbona ni nguvu tosha?

NEEMA: Inategemea anawaza nini. Kuna utafiti uliochapishwa 1999, walichukua wanafunzi wa UCLA, chuo kikuu kule California, Marekani, waliokuwa wanakaribia mtihani. Wengine waliambiwa kila siku wajione wameshapata alama nzuri. Wengine wajione wamekaa wanasoma. Waliojiona wanasoma ndio waliofanya vizuri zaidi. Wale wa alama nzuri hata muda wa kusoma ulipungua.

MAZENGO: Ee! Kwa nini?

NEEMA: Mimi naona ukishajipongeza kichwani, unaona kazi imekwisha. Yule mwingine ameshajua atakaa wapi, saa ngapi, na simu ataizima.

MAZENGO: Kwa hiyo mkulima wa zabibu kule Hombolo asiwaze pesa?

NEEMA: Awaze mkasi. Ajione anapita mstari kwa mstari, anahesabu macho ya kuchipua kwenye tawi, anakata, anapiga dawa ukungu haujaingia. Akifika shambani mkono haubabaiki.

MAZENGO: Na bei ya kiwandani je? Hiyo nayo aiwaze?

NEEMA: Hiyo apige simu aulize, tena kabla hajavuna. Zabibu ikishakatwa haikusubiri upatane na mnunuzi.