Jiwe la kijani, jiwe jeusi
Mhadhara uliotolewa Lubumbashi

Wababa, wamama, na ninyi wanafunzi, jambo.

Hapa mezani nina glasi mbili za maji yenye asidi ya salfuriki, kipimo kimoja. Katika ya kwanza natia unga wa malakiti, lile jiwe la kijani ambalo watoto wa Katanga wanalijua. Sogeeni. Linatoa povu: hiyo ni kaboni dioksidi, na maji tayari yanageuka bluu kwa shaba. Katika ya pili natia unga mweusi wa heterojeniti, jiwe letu lenye metali ya kobalti. Kimya. Umetulia chini kama masizi ya sufuria.

Asidi ni ileile, basi tofauti iko wapi? Malakiti ni kabonati. Ioni za hidrojeni, yaani chembe zenye chaji zinazoifanya asidi iwe asidi, zikiifikia, inavunjika na kuiachia shaba. Kinachochelewesha hapo mara nyingi ni safari tu ya asidi kufika kwenye punje, ndiyo maana kusaga na kukoroga kunasaidia. Lakini kobalti ya heterojeniti ina chaji tatu chanya, na ikiwa hivyo inayeyuka kwa shida sana. Inataka kwanza ipewe elektroni moja, chembe ndogo yenye chaji hasi, ibaki na chaji mbili. Asidi hii haina elektroni ya kuipa.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Nikiwa kijana, katika maabara ya kiwanda kimoja, kobalti ilikataa kutoka, nasi tukaongeza asidi usiku kucha. Kulipokucha asidi ilikuwa imeliwa na dolomiti, jiwe lingine la kabonati, ambalo limejaa katika miamba yetu, na kobalti iko palepale. Mpaka leo inaniuma: hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni hatua gani inayochelewesha.

Kuna namna ya kuuliza: pasha moto. Mwaka 1889 Svante Arrhenius wa Uswidi alieleza jinsi joto linavyoongeza kasi ya mmenyuko. Kama kikwazo ni safari ya asidi majini, joto huongeza kasi kidogo tu. Kama kikwazo ni mmenyuko wenyewe juu ya uso wa jiwe, kasi huruka.

Na elektroni inaletwa na nani? Katika matangi mengi ya viwanda vinavyoyeyusha mawe haya kwa asidi, chuma. Chuma chenye chaji mbili huipa kobalti elektroni, chenyewe kikabaki na chaji tatu. Gesi ya salfa dioksidi hukirudishia elektroni, kikaenda tena, kama mtumbwi mmoja unaovusha watu siku nzima. Kwa hiyo chuma kidogo hufanya kazi kubwa, mradi salfa dioksidi isikatike.

Sasa fungueni madirisha, maana gesi hii inakaba koo. Natia chembe za metabisulfiti ya sodiamu, chumvi inayotoa salfa dioksidi ndani ya asidi, katika glasi ya pili, nakoroga polepole. Ngojeni kidogo. Weusi unapungua. Mama uliye pale mbele, waambie wa nyuma unaona rangi gani.

Waridi. Ndiyo kobalti hiyo.