Ufa wa Chini, Bili ya Juu

Ndugu wasikilizaji, naomba tuanze na mlango. Mlango uliokuwa ukifungwa kwa kidole, siku hizi unataka bega, na juu yake, upande wa kitasa, pana mwanya unaopitisha mwanga. Wengi wetu humwita seremala. Anapiga randa, mlango unafunga, na baada ya miezi kadhaa unakwama tena. Mlango hauna kosa. Kilichosogea ni nyumba, kwa kuwa msingi umetitia upande mmoja kuliko mwingine.

Mwanya ule na bili ya nishati vinakutana wapi? Tupige hesabu. Chukua dirisha ambalo ukilizungushia utepe unapata mita 5. Fremu ikipinda na kuachia milimita 2 tu pande zote, jumla ya uwazi huo ni sentimita za mraba 100. Ni sawasawa na kutoboa ukuta tundu la sentimita 10 kwa 10 na kuliacha wazi usiku na mchana. Tundu la namna hiyo tungeliziba siku hiyo hiyo. Likitandazwa kulizunguka dirisha, tunaishi nalo miaka.

Msimu wa baridi, hewa mliyoilipia kuipasha joto huwa nyepesi, hupanda na kutokea darini. Ikitoka, huvuta nyingine ichukue nafasi yake, na hiyo huingilia chini: kwenye nyufa za msingi, maungio ya ukuta na sakafu, matundu ya mabomba. Nyumba nzima inafanya kazi kama dohani. Msimu wa joto, kiyoyozi kikiwaka, mambo hugeuka: hewa baridi ni nzito, inateremka na kuvujia chini, na ya moto inaingilia juu. Kwa hiyo nyumba inayovuja chini inawadai misimu yote miwili.

Lakini ufa wa hewa ni nusu ya habari, na kwa maoni yangu ni ile nusu ndogo. Kubwa ni maji.

Zege na tofali hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ndiyo maana mafundi hutandika nailoni chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, na kuweka tabaka la kuzuia unyevu juu ya msingi. Tabaka hilo likichanika au likisahaulika, maji hupanda. Ukuta mkavu una vitundu vilivyojaa hewa iliyotulia, na hewa ya namna hiyo hupitisha joto kidogo sana. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa hiyo. Vitundu vikijaa maji, ukuta ule ule, wenye unene ule ule, unaliachia joto kwa urahisi zaidi. Na kihami joto cha sufi, kile kinachojazwa ili joto lisipite, kikilowa, kinabaki jina tu.

Kisha unyevu huo unageuka mvuke ndani ya vyumba. Kiyoyozi hakipoozi hewa tu, kinakamua maji pia, na ili kukamua lita 1 kinalazimika kuondoa joto la takriban kilowati-saa 0.7 kabla hata ya kushusha nyuzi moja ya joto chumbani. Umeme unaoliwa ni pungufu ya hapo, maana mashine hiyo huhamisha joto jingi kuliko umeme inaotumia, ila kazi ni ile ile kila siku, na mita inaihesabu.

Ndiyo maana nasikitika kuona mtu akibandika mbao za kuhami joto juu ya ukuta uliolowa. Unyevu unafichwa, kuvu inaota nyuma yake, na fedha zimekwenda. Tangulizeni maji. Mifereji ya paa imwage mbali na nyumba, na ardhi iteremke walau sentimita 15 ndani ya mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Maji hayo hayo ndiyo huvimbisha udongo wa mfinyanzi, nao ukikauka hunywea, na msingi unapanda na kushuka pamoja nao.

Nyufa nyembamba kama unywele aghalabu ni zege lililonywea wakati wa kukauka. Ufa unaowatia shaka, wekeni alama ya penseli kwenye ncha zake, andikeni tarehe na upana, mwangalie misimu inavyopita. Ukiendelea kukua, usizibwe kwa saruji ngumu, maana utapasuka tena. Ufa wa ulalo ukutani, au unaopanda kama ngazi kwenye maungio ya tofali na kuzidi kupanuka, ni wa kuonwa na mhandisi.

Na mtu akiwaambia kwamba kunyanyua msingi mzima kutajilipa kwa bili peke yake, msikubali haraka. Msingi hutengenezwa kwanza ili nyumba isimame. Nafuu ya bili hupatikana zaidi kwa kukausha, kuziba mianya, na kuhami kingo za jamvi, kwa sababu joto la sakafu hutorokea kingoni kuliko katikati.

Leo usiku, kukiwa na upepo, zimeni mshumaa, na utambi ukiwa bado unafuka, upitisheni taratibu pale ukuta unapokutana na sakafu. Moshi unapoyumba, wekeni alama ya chaki. Anzieni chumba chenye mlango unaokwama.