Lile Refu Jeusi la Chicago

Watu wangu wa nyumbani, mko salama? Upepo mnausikia? Hapa daraja la Adams Street unapita bila adabu. Mama, najua unatazama: ndiyo, nimevaa kofia.

Wengi mmeniandikia, "Tuonyeshe lile refu jeusi." Ndilo jengo hili nyuma yangu. Ngoja nirudi nyuma kidogo... wapi! Halienei kwenye simu. Ni mita 442, na hapo antena za juu sijazihesabu. Lilikuwa refu kuliko yote duniani mpaka 1998, zile gorofa pacha za Petronas, Kuala Lumpur, zilipolipiku. Na KICC yetu, lile jumba la mikutano la Nairobi, mita 105, ilifunguliwa 1973, mwaka uleule hili lilipofika kileleni. Ni marika, ila mmoja alikula ugali zaidi.

Kwenye karatasi linaitwa Willis Tower tangu 2009. Siku za kwanza nilimuuliza mzee mmoja kwenye treni Willis iko wapi, akaniangalia kama nimemtukana. "Sears!" Sears ni kampuni ya maduka iliyolijenga. Ilishahama zamani, lakini jina halikuhama nayo. Si hata Nairobi kuna wazee ambao Moi Avenue kwao bado ni Government Road?

Sasa tazameni juu. Mnaona lilivyokatika-katika, upande huu umeishia hapa, ule umeendelea? Mara ya kwanza nilidhani mwenyewe aliishiwa na pesa, kama zile gorofa zetu za nondo zinazongoja mkopo. Kumbe ni majengo tisa ya mraba yaliyofungwa pamoja. Mawili yanakomea gorofa ya 50, mawili ya 66, matatu ya 90, na mawili tu ndiyo yanafika kileleni. Muwa mmoja unauvunja kwa goti; hebu jaribu mzigo mzima. Huo ndio ujanja wa kukabili upepo huu unaoninyang'anya kofia.

Aliyebuni mfumo huo ni mhandisi Fazlur Khan, mzaliwa wa Dhaka, aliyekuja Marekani 1952 kusoma. Mgeni kabisa, jamani, kama sisi. Kwa uzuri, mimi nalipenda zaidi lile la Hancock kule kaskazini, na hilo pia lina mkono wake. Lakini ukisimama ufukweni mwa ziwa ukalifunika hili jeusi kwa kidole gumba, mji wote unabaki kama umeinamisha kichwa.

Haya, tumepanda. Gorofa ya 103. Hiki kisanduku cha kioo kimetokeza nje ya ukuta, mita 412 kutoka chini. Yale madoa ya njano ni teksi. Mtoto wa miaka mitano ametoka humo sasa hivi akicheka.

Mguu wa kwanza huo, umeingia. Wa pili... Mama, usizime. Wa pili unakataa.