Fumbo la kanga: ninavyofanya stetasi yangu ijibiwe

Haya jamani, karibuni. Leo sifungui mzigo. Leo nawaonyesha ninavyofanya mpaka stetasi yangu ya WhatsApp inajibiwa, maana mnaniandikia kila siku: "Dada, watu 180 wameangalia na hakuna hata mmoja aliyeniuliza bei." Najua, nimepita huko. Macho hayalipi kodi ya fremu.

Chukua simu, doti moja ya kanga, na WhatsApp ya biashara, ile yenye herufi B. Kuipakua na kuweka picha ya duka siwafundishi, mnajua.

Kabla ya yote, mteja awe amesevu namba yako. Wewe kumsevu yeye haitoshi, lazima mseviane, la sivyo stetasi haimfikii. Mimi mteja akishalipa namwambia, "Nisevu mama, kesho kuna fumbo." Simwambii nisevu upate ofa. Ofa Kariakoo nzima wanazo.

Halafu washa tiki za bluu. Ukizizima huoni nani kaangalia stetasi yako. Unamkwepa anayekudai, kumbe umejificha na wateja wako.

Sasa picha. Tazama hii doti, nimeichukua leo asubuhi. Pindo hili hapa, mji huu hapa katikati, na jina hili hapa chini. Wauzaji wengi tunapiga maua, jina tunalikata. Na wakati mama wa Pwani ukimpa kanga anasoma jina kwanza, rangi baadaye, kwa sababu lazima ajue anamwambia nani nini! Kwa hiyo chambo chetu ni jina. Nakunja upande wa kulia hivi, nusu ya maneno inaingia ndani, inabaki NAOGOPA SIMBA NA MENO YAKE. Nainyoosha kwa kiganja, na...

Mbona linasomeka kinyumenyume? Aa, kamera ya mbele. Mnaliona? Mimi hapa nimekaa nalisifia jina ambalo mnalisoma kama kwenye kioo. Simu nyingine zinaligeuza zenyewe ukishapiga, yangu hii hapana. Kamera ya nyuma basi. Na feni inapeperusha pindo, nazima. Tutatoka jasho pamoja.

Nimepiga. Chini yake naandika neno moja tu: "Malizia." Bei usiweke. Ukiweka bei mtu anapiga hesabu kimya kimya kisha anapita zake. Ukimwachia sentensi nusu, haimtoki kichwani mpaka aimalizie.

Naweka saa mbili usiku, wateja wangu wameshakula na simu ziko mkononi. Wako wakiwa mama ntilie, saa mbili wamelala, jaribu mchana baada ya vyombo. Stetasi inakaa saa 24, kwa hiyo hata wa alfajiri ataikuta.

Majibu yakianza kuingia, mjibu kila mtu kwa sauti yako. Yale majibu ya kuandaa mapema yaache kwa wanaouliza duka liko wapi. Mtu amekuchangamkia, unamrushia "Asante kwa kuwasiliana nasi"? Na aliyekosea ndiye wa kumshika zaidi. Wiki ile nyingine mama mmoja alimalizia, "lakini mume wangu simwogopi." Nilicheka mpaka nikakaa chini, nikamtumia sauti, "Shikamoo mama, umekosa lakini umepata." Akachukua doti mbili.

Kila aliyejibu namwekea lebo: bonyeza jina lake usiachie, chagua lebo, andika "Amejibu". Fasta tu.

Hapa sasa punguzeni kelele. Kwa wenye lebo hiyo ndio natuma tangazo mzigo ukifika. Nukta tatu pale juu. Kwenye simu yangu kuna "kundi jipya", na chini yake, karibu kabisa, kuna lile la tangazo. Si kundi. Tangazo. Kwenye tangazo kila mtu anapata meseji peke yake na anakujibu peke yake, mwisho watu 256 kwa orodha moja. Kwenye kundi wote wanaonana, namba na majina.

Mimi niligusa kundi. Kumi la mwisho la Ramadhani, usiku, nina usingizi, wateja 140. Kati yao kulikuwa na wadada wawili ambao kaka mmoja aliwanunulia doti, kila mmoja kwa wakati wake, na namba zao ninazo kwa sababu mimi ndiye niliyewapelekea mzigo. Wakasalimiana humo ndani. Mmoja akauliza, "Na wewe umeletewa ya jina gani?" Siendelei. Yule kaka hanunui tena kwangu.

Kwa hiyo angalia kidole chako kinapokwenda. Nukta tatu, shuka, ta-nga-zo. Soma neno kabla hujagusa. Mimi nasoma kwa sauti kabisa, kama hivi, nagusa... Ngoja! Ngoja, ngoja. Rudi. Mmeona? Limefunguka kundi, mbele yenu, na mdomo wangu unasema tangazo! Sijaongeza mtu, alhamdulillah. Hii sikati, ibaki muione.

Tena taratibu. Nukta tatu. Chini ya kundi. Hili. Nachagua wenye lebo, nahakiki, natuma picha ya jina zima: SIOGOPI MTU NA MANENO YAKE. Hapa ndipo bei inaingia, wameshaitaka wenyewe.

Mwenye kutaka doti hii namba iko chini ya video, zimebaki tisa. Eh, simu inaita... si kupiga, ni sauti imeingia, ya fumbo. Naficha jina lake kwa kidole, sikilizeni: "Naogopa simba na meno yake, na mama mkwe na simu zake." Ngojeni nimjibu huyu.