Kabla Hujatupa Kila Chenye Kemikali: Mhadhara kwa Wazazi wa Watoto Wadogo

Wazazi wenzangu, walezi, na ninyi mnaotarajia mtoto wa kwanza, asanteni kwa kuja. Nimepitia karatasi za maswali mlizokusanya kabla hatujaanza, na zaidi ya nusu zinauliza jambo lile lile: nifanyeje ili mwanangu akue katika nyumba isiyo na kemikali hata moja? Nalijibu sasa hivi. Nyumba hiyo haipo. Maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, na maziwa ya mama yamejaa kemikali chungu nzima, wala hakuna chakula kinachoyashinda kwa mtoto mchanga.

Lakini hofu iliyowaleta hapa ni ya haki, na sitaki mtu aondoke akidhani nimeidharau. Zipo sumu zinazoingia miilini mwa watoto wetu kila siku, ndani ya nyumba zetu wenyewe, na nyingi zinazuilika bila gharama kubwa. Shida ni kwamba tunazitafuta pasipo mahali pake. Tunasoma "asilia" kwenye kibandiko, roho inatulia, tunanunua.

Risasi, ile metali nzito, ni ya asili, inachimbwa ardhini. Zebaki pia. Aseniki huyeyuka yenyewe kutoka kwenye miamba ikaingia kwenye maji ya visima. Asbesto ni jiwe. Na moshi wa kuni, ambao ni wa asili kuliko karibu kila kitu kilichomo madukani, ndio nauogopa kuliko vyote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupikia kuni, mkaa, kinyesi cha mifugo na mafuta ya taa, iliua watu wapatao milioni 3.2 katika mwaka 2020, wakiwemo zaidi ya watoto 237,000 ambao hawajafikisha miaka mitano. Kwa hiyo mzazi aliyetupa sabuni yenye rangi huku bado anapika kwenye chumba kisicho na dirisha akiwa na mtoto mgongoni, amehangaika na dogo akaliacha kubwa. Akiweza kubadili nishati, abadili. Akishindwa, apikie nje au afungue njia ya moshi, na mtoto akae na mtu mwingine hadi moto uzimwe. Hilo peke yake linazidi kabati zima la bidhaa za asilia.

Ndiyo maana naomba tubadilishe swali. Tuache kuuliza kitu kimetoka wapi, tuulize kinamfikiaje mtoto, kinamfikia kwa kiasi gani, na kikishafika kinamfanya nini. Tabibu Paracelsus, aliyefariki mwaka 1541, alishafundisha kwamba kipimo ndicho kinachotofautisha sumu na kisicho sumu. Kwa mtoto, kipimo hicho ni kidogo sana, na sababu zake tuzione.

Mwangalieni mtoto wa miezi tisa sakafuni. Anatambaa, kiganja chote kinalamba sakafu. Anaona kipande cha kitu chini ya kiti, anakichunguza kwa vidole viwili, anakitia mdomoni. Kikitolewa, anatia ngumi nzima. Pua yake iko karibu kabisa na vumbi, na anapumua haraka kuliko sisi: mtoto mchanga huvuta pumzi mara 30 hadi 60 kwa dakika, mtu mzima aliyetulia 12 hadi 20. Kwa kila kilo ya uzito wake anavuta hewa nyingi, anakunywa maji mengi na anakula chakula kingi kutuzidi. Ini na figo zake bado hazijakomaa katika kazi ya kuondoa sumu, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Chumba ambacho kwako ni kisafi, kwake ni mazingira mengine kabisa.

Basi tuongelee vumbi, kwa sababu hapa ndipo ningependa tukae.

Vumbi la ndani hukusanya kila kitu: udongo wa viatu, masizi, mabaki ya dawa za wadudu, chembe za plastiki, na katika nyumba za zamani, rangi iliyobanduka. Rangi hiyo ndiyo inayonikosesha usingizi. Kwa miongo mingi risasi ilitiwa kwenye rangi za nyumba ili zing'ae na zidumu. Marekani ilizipiga marufuku majumbani mwaka 1978, na bado zipo nchi ambako rangi mpya zenye risasi zinauzwa mpaka leo. Kiwango ambacho wataalamu wa kimataifa wanakipendekeza kiwe ukomo ni sehemu 90 tu kwa milioni. Risasi ina ladha ya utamu kidogo, kwa hiyo mtoto akishaonja kipande cha rangi hutafuta kingine. Na mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima, hasa akiwa na upungufu wa madini ya chuma au kalisi. Ikishaingia, inajificha kwenye mifupa na kukaa miaka mingi. Inapunguza uwezo wa kujifunza, umakini unapotea, hasira za ghafla zinazidi, na mara nyingi hakuna dalili utakayoiona kwa macho. Kiwango salama cha risasi katika damu ya mtoto hakijulikani kuwepo. Mwaka 2020, UNICEF na shirika la Pure Earth walikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, takriban watoto milioni 800, alikuwa na risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi.

Milioni 800. Nasema tena kwa sababu idadi hii haistahili kupita kimya.

Habari njema ni kwamba mambo hubadilika watu wakishikilia. Petroli yenye risasi ya magari ilikoma kuuzwa duniani mwaka 2021, Algeria ikiwa nchi ya mwisho kuiacha. Nyumbani nako kuna ya kufanya. Deki kwa kitambaa chenye maji, kwa maana fagio kavu linarusha vumbi hewani na kulirudisha pale pale. Viatu vivuliwe mlangoni. Mikono ya mtoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kulala, na midoli inayotafunwa ioshwe pia. Ukitaka kukarabati ukuta wa zamani, usiupige msasa mkavu wala usiunguze rangi kwa moto. Loweka kwanza, na mama mjamzito na watoto wasiwepo kabisa mpaka kazi iishe na pafutwe. Anayefanya kazi ya betri, ya gereji au ya kuyeyusha vyuma abadili nguo na kuoga kabla ya kumbeba mtoto. Hili la mwisho akina baba wengi hawajawahi kuambiwa na mtu.

Sasa nije kwenye vitu vya kusafishia. Hapa ushauri wangu ni mfupi: sabuni ya kawaida na maji vinatosha kwa sehemu kubwa ya nyumba. Molekuli ya sabuni ina upande mmoja unaopenda maji na mwingine unaoshika mafuta, kwa hiyo huzoa uchafu na pia huvunja utando wa mafuta unaozunguka virusi vingi. Dawa ya kuua vijidudu iwe ya mahali penye sababu: kinyesi, matapishi, ubao uliokatiwa nyama mbichi. Kunyunyiza kila kitu kila siku kunamwongezea mtoto mvuke wa kuvuta, faida huioni.

Siki nayo imekuwa kipenzi cha wanaotaka usafi wa asili. Ni nzuri kwa kuondoa ukoko mweupe wa maji magumu kwenye birika, kwani ina asidi ya asetiki kama asilimia 5. Lakini si dawa ya kutegemea kuua vijidudu. Na wale mnaochanganya siki na bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, povu lile linapendeza macho lakini vitu hivyo viwili vimeuana nguvu: umebaki na maji yenye chumvi ya asetati na hewa ya kaboni imepaa. Tumia kimoja kwa wakati wake.

Kuna kuchanganya kwingine ambako ni hatari ya kweli. Jiki ikikutana na siki au dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Ikikutana na amonia hutoa kloramini. Zote mbili huunguza mapafu, na bafu dogo lililofungwa ni mahali pabaya pa kujifunza hilo. Jiki ichanganywe na maji tu, madirisha wazi, mtoto mbali.

Hewa ya chumba cha mtoto haihitaji manukato. Neno hilo moja kwenye kibandiko linaweza kubeba makumi ya viambato ambavyo mtengenezaji hakuvitaja. Chumba kikinuka, tafuta kinachonuka ukitoe, ufungue dirisha. Dawa ya mbu ya kuchoma nayo msiiwashe anapolala mtoto: watafiti waliochapisha vipimo vyao mwaka 2003 waliona kwamba koili moja inaweza kutoa chembechembe laini kwa uzito sawa na sigara 75 hadi 137. Chandarua ndicho cha kutumia, na ndiyo, hata chenye dawa. Dawa iliyomo ni kidogo, imeshikamana na uzi, na malaria inaua. Nimeulizwa mara nyingi kama huko si kujipinga. Hapana. Ni hesabu ile ile ya kiasi kinachomfikia mtoto na kinachomkinga.

Kwa hesabu hiyo hiyo, klorini ya kutibu maji ya kunywa ibaki. Chanjo zibaki. Paracetamoli kwa kipimo cha uzito wa mtoto ibaki. Nimeona wazazi wanaompenda mtoto kwa moyo wote wakimnyima chanjo kwa jina la maisha ya asili, na surua ni ya asili pia. Sitalilegeza hili.

Upande wa pili, kuna vya asili ninavyowaomba mviogope. Kafuri ikimezwa kidogo tu humletea mtoto degedege. Mafuta ya mkaratusi yaliyokolezwa ni sumu yakinywewa, na kumpaka mtoto mchanga puani vitu vya mentholi kunaweza kumbana pumzi. Asali asipewe mtoto kabla hajatimiza mwaka mmoja, hata ya kulamba kidoleni, kwa kuwa inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulinamu ambazo tumbo lake halijaweza kuzizuia. Na zile tembe nyeupe za naftalini za kuwekea nguo: nguo zilizohifadhiwa nazo akivalishwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, chembe nyekundu za damu hupasuka, naye hupata manjano na upungufu mkubwa wa damu. Nguo za mtoto anayekuja ziwekeni bila naftalini.

Kuhusu ngozi sitakawia. Shirika la Afya Duniani linashauri kuogesha kwa mara ya kwanza kusubiri saa 24 baada ya kuzaliwa, na baada ya hapo maji ya vuguvugu na sabuni kidogo isiyo na harufu vinatosha. Poda achana nayo, inaishia mapafuni. Mama anayepaka krimu za kung'arisha ngozi ajue kwamba baadhi zina zebaki, na zebaki humfikia mtoto kwa kumgusa, kwa kunyonya na hata tumboni. Dunia ilijifunza hilo kwa uchungu mkubwa huko Minamata, Japani, ugonjwa wa sumu ya zebaki ulipotambuliwa mwaka 1956: mama alionekana mzima, mtoto akazaliwa na ubongo ulioharibika.

Plastiki: usimwekee chakula cha moto ndani yake, usiipashe moto. Bisfenoli A, kemikali ya kutengenezea plastiki ngumu, iliondolewa kwenye chupa za watoto katika Umoja wa Ulaya mwaka 2011, lakini chupa na vyombo vya zamani bado vinazunguka. Kioo au chuma cha pua ni bora pale mnapoweza.

Swali la mwisho nimeletewa na mama aliyeketi nyuma, na linastahili jibu kamili: mtoto akinywa mafuta ya taa, afanye nini?

Kwanza, mafuta hayo yalikuwa kwenye chupa gani? Mara nyingi ni chupa ya soda au ya maji. Mtoto wa miaka miwili hasomi, anaijua chupa. Kwa hiyo mafuta ya taa, jiki, magadi makali na dawa za wadudu vikae kwenye vyombo vilivyonunuliwa navyo, juu, kwenye kabati lenye kufuli. Ikishatokea, msimtapishe. Mafuta ya taa yakipanda tena huingia mapafuni na kuleta nimonia kali, na magadi makali yataunguza koo mara ya pili. Msimpe maziwa wala mafuta ya kupikia kwa kukisia. Kama amemwagikiwa, mvueni nguo na kumwosha kwa maji mengi. Kama ni jichoni, maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi. Kisha mkimbizeni hospitali hata kama anaonekana mzima, na mchukue ile chupa mwende nayo, ikiwa na kibandiko au bila, ili daktari ajue anapambana na nini.