Meli Ikizuiwa, Shamba Nalo Husimama

Ndugu wasikilizaji, tuanzie ghalani. Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, maghala ya kule yalikuwa bado na mahindi ya mavuno ya 2021. Odesa na bandari jirani zikafungwa, baharini kukategwa mabomu. Kufikia katikati ya mwaka, tani zipatazo milioni 20 za nafaka zilikuwa zimekwama, na ngano mpya imeiva. Ngano ya kule hupandwa Septemba, hulala chini ya theluji, huvunwa Julai. Sasa ghala limejaa, utaiweka wapi?

Mtaniuliza, reli je? Njia ya reli ya Ukraine ina upana wa milimita 1,520, ya Poland 1,435. Mpakani nafaka huhamishiwa mabehewa mengine, au behewa libadilishwe magurudumu. Behewa moja hubeba tani kama 70, kwa hiyo meli moja ya tani 60,000 ni mabehewa zaidi ya 850. Bandari za mto Danube, Izmail na Reni, zilisaidia sana, ila meli kubwa hazifiki huko.

Hapo ndipo mkulima alipoumizwa. Mombasa bei ya ngano inapanda, kwake inashuka, kwa kuwa gharama yote ya njia hukatwa kwenye malipo yake. Chukulieni bima ya vita, inayotozwa kwa thamani ya meli. Tuseme meli ni ya dola milioni 30 na ada ni asilimia 1: dola 300,000 kwa safari. Ikibeba tani 30,000, kila tani imeongezewa dola 10 kabla nanga haijang'olewa.

Mahindi yana shida yake. Yakivunwa na unyevu wa asilimia 25, sharti yakaushwe hadi 14 hivi, la sivyo lundo hupata joto na kuota kuvu. Kukausha kunataka gesi, na bei ya gesi ilikuwa imepaa. Hesabu ikawakatalia wengi. Majira ya baridi ya 2022 kuingia 2023, mahindi mengine yaliachwa yamesimama kwenye theluji. Na shamba ambalo halijavunwa huwezi kulitayarishia msimu ujao.

Mkataba wa Istanbul wa tarehe 22 Julai 2022, uliosimamiwa na Uturuki na Umoja wa Mataifa ili Urusi iruhusu meli za nafaka kupita, ulifungua bandari tatu za Ukraine. Agosti hiyo meli ya Brave Commander ilibeba tani 23,000 za ngano ya msaada kwa Ethiopia, ikapakua Djibouti. Kila meli ilikaguliwa ikienda na ikirudi. Ukaguzi ukizorota foleni inarefuka, na meli inayongoja hulipiwa kila siku. Mkataba ulikufa tarehe 17 Julai 2023, tani karibu milioni 33 zikiwa zimetoka.

Tangu Agosti 2023 meli zinatumia njia ya Ukraine yenyewe, zikiambaa pwani ya Romania na Bulgaria. Mashamba yaliyotegwa mabomu ndiyo yanayochelewa. Trekta haliingii mpaka wateguaji wapite na vigunduzi, ukanda kwa ukanda, na kila kipande cha chuma kikilia, kazi husimama wakifukua kwa mkono.